Muulize Mjalidi: Ukurasa wa sala kwenye daftari la kodi

Toleo lililopita niligusia kwamba vitabu vingi vya mwanzo kuchapwa Ulaya vimebeba ndani ya majalada yao vipande vya vitabu vingine vikongwe zaidi, vya ngozi, vilivyoandikwa kwa mkono kwa Kilatini. Ilikuwa sentensi moja tu, nayo imeleta barua nyingi kuliko mada nzima ya gundi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwandishi wake ameumia, na anastahili jibu kamili.

*

*Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya pili hapa Sweden. Mwalimu wetu alitupeleka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Stockholm, tukaonyeshwa daftari la hesabu za kodi la karne ya 16. Jalada lake ni ukurasa wa ngozi wenye mistari myekundu ya muziki na maneno ya sala. Juu ya sala hizo mtu ameandika kwa wino mwingine mwaka na jina la wilaya. Mimi ni Mkatoliki, nimekulia kwaya. Nani alithubutu kuchana kitabu cha ibada ili afungie hesabu za kodi? — Msomaji, Uppsala*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machungu, na asante kwa kuangalia kwa makini.

Tuanze na kitu chenyewe ulichokiona. Ile si karatasi. Ni ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi, iliyolowekwa kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yakalegea, ikakwanguliwa, ikawambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma, kisha ikakwanguliwa tena kwa kisu chenye umbo la mwezi mchanga. Siku ukiruhusiwa kuigusa, pitisha kidole pande zote mbili. Upande wa manyoya una unjano kidogo na vitundu vya vinyweleo. Upande wa nyama ni mweupe na laini zaidi. Ndivyo vile vitabu vya ngozi ambavyo Paulo alimwagiza Timotheo asivisahau akija na joho. Gutenberg, yule mchapaji wa Ujerumani, alipochapa Biblia yake kule Mainz, kama mwaka 1455, baadhi ya nakala alizichapa juu ya ngozi, na inakadiriwa kila nakala ya namna hiyo ilikula ngozi za ndama zipatazo 170. Zizi zima limeingia kwenye kitabu kimoja! Kitu cha gharama hiyo hakitupwi hata siku maandishi yake yanapokosa msomaji.

Na kweli yalikosa msomaji. Gustav Vasa alitwaa ufalme wa Sweden mwaka 1523. Mwaka 1527, kwenye mkutano wa Västerås, alipewa mamlaka juu ya mali ya Kanisa, na nchi ikaanza kuelekea kwenye Ulutheri. Vitabu vya misa na vya masifu, vile vikubwa vya kwaya ambavyo waimbaji kumi waliweza kuvisoma wakiwa wamesimama, vikabaki makabatini bila kazi. Wakati huohuo mfalme alikuwa anajenga utawala wa kuhesabu kila kitu: siagi, samaki, ngozi, nafaka, fedha. Watoza kodi wake waliandika hesabu kwenye karatasi, na hesabu hizo zililetwa Stockholm kukaguliwa. Karatasi ikisafirishwa hivyo, kona zinaliwa na mgongo unakatika. Inahitaji vazi. Na vazi gumu, linalokunjika bila kupasuka, lilikuwa limelala kwenye makabati ya makanisa.

Wewe na mimi tumefanya jambo linalofanana na hilo. Kila Januari, shule zikifunguliwa, nilikuwa nakaa na dada zangu sakafuni tunajalidi madaftari kwa magazeti ya mwaka uliopita na kalenda za ukutani zilizokwisha muda. Daftari langu la hesabu la darasa la tano lilikuwa na uso wa rais upande mmoja na bei ya mahindi upande wa pili. Hakuna aliyemdharau rais. Tulichotaka ni daftari lifike Desemba.

Sisemi kwamba wote walikuwa na moyo mweupe. Uingereza kulikuwa na chuki ya wazi. Mwaka 1535 wakaguzi wa Mfalme Henry wa 8 walifika Oxford, na mmoja wao, Richard Layton, akaandika barua kwa furaha kwamba ua wa New College ulikuwa umejaa kurasa za Duns Scotus, mwanateolojia mkubwa wa Enzi za Kati, upepo ukizipeperusha kila pembe. Akaongeza kwamba bwana mmoja wa Buckinghamshire alikuwa anaziokota ili atengenezee vitisho vya kuzuia paa wasitoke msituni. Hebu pata picha hiyo: hoja za kuwako kwa Mungu zimening'inia mitini kama makopo tunayofunga shambani kufukuza ndege. Kati ya 1536 na 1540 monasteri zikavunjwa zote. Mwaka 1549 John Bale, ambaye mwenyewe alikuwa Mprotestanti mkali, alilalamika kwamba walionunua majengo hayo walitumia vitabu vya maktaba kusugulia vinara vya mishumaa na viatu, vingine wakawauzia wauza viungo na wauza sabuni, na vingine wakavipakia melini kwa wajalidi wa ng'ambo. Ukisikia mtu aliyewapinga wamonaki analia juu ya vitabu vya wamonaki, ujue hasara ilikuwa kubwa.

Sasa angalia kilichobaki. Vilivyosugulia viatu vimekwisha. Vilivyofungia sabuni vimekwisha. Vilivyofungia hesabu za kodi vipo, kwa sababu serikali haitupi hesabu zake. Stockholm peke yake kuna vipande zaidi ya 22,000 vya namna ulivyoona. Finland ilikuwa sehemu ya Sweden mpaka 1809, na Maktaba ya Taifa ya Helsinki ina kurasa zaidi ya 9,000 zilizotoka kwenye vitabu kama 1,500. Vitabu vya Enzi za Kati vilivyobaki vizima katika nchi hizo ni vichache mno. Karibu yote tunayoyajua juu ya nyimbo zilizoimbwa katika parokia za kule kabla ya Matengenezo ya Kanisa tunayajua kupitia madaftari ya watoza kodi. Kitabu kimoja kiligawanywa: ukurasa huu ukafunga hesabu za wilaya moja, wa pili ukafunga za wilaya nyingine miaka mitatu baadaye. Wataalamu wamekaa miaka mingi wakilinganisha mkono wa mwandishi, upana wa safu na rangi ya herufi kubwa, wakirudisha ndugu kwa ndugu.

Kwa hiyo yule aliyeandika jina la wilaya juu ya sala usimkasirikie sana. Jina hilo na mwaka ule ndivyo vinavyotuambia leo ukurasa ulikuwa wapi na lini. Ukirudi pale, omba uonyeshwe upande wa ndani. Upande wa nje umeshikwa na mikono na kuchubuka. Wa ndani mara nyingi wino wake bado ni mweusi na wekundu wake bado unawaka.

*

*Mama, habari za kazi. Nina karakana ndogo karibu na chuo, najalidi tasnifu za wanafunzi. Nataka kujua kifundi: wajalidi wa zamani vipande hivyo walivitia wapi hasa? Na ukivikuta unavibandua vipi? — Fundi, Morogoro*

Nzuri, fundi mwenzangu. Swali lako la kwanza nalipenda. La pili limenirudisha mbali.

Kitabu cha wakati ule kilishonwa kwa uzi wa kitani juu ya kamba nene zilizokatiza mgongo, kamba zikapitishwa kwenye mbao za jalada (mwaloni au mti mwingine mgumu), kisha ngozi ikavutwa juu ya vyote. Ngozi ya maandishi iliingia kila mahali palipokuwa na mkazo. Mahali pa kwanza ni ndani ya jalada: ukurasa mzima ulibandikwa juu ya ubao kuficha ncha za kamba na mikunjo ya ngozi. Hilo naliita bandiko, na ndilo rahisi kuliona. Pili ni mgongoni, vipande vya upana wa vidole viwili vitatu kati ya kamba na kamba, chini ya ngozi ya nje. Hivi huvioni mpaka mgongo upasuke. Tatu ni katikati ya kila mkunjo wa kurasa, ukanda mwembamba kama utepe, uzi unapita juu yake ili usikate karatasi. Wewe unayeshona tasnifu nene unaijua taabu hiyo: ukivuta uzi kwa nguvu, karatasi inachanika kama mkate. Wao waliweka ngozi hapo, uzi ukauma ngozi badala ya karatasi. Nimeshika kitabu chenye mikunjo 30 na kila mkunjo una utepe wake, kila utepe una mstari mmoja na nusu wa Zaburi. Ukizipanga tepe hizo zinapata ukurasa.

Na gundi yao ni ileile ya bibi zetu: uji mzito wa unga wa ngano, au gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa. Ndiyo maana panya na mende wanazipenda.

Sasa kuhusu kubandua.

Mwaka wangu wa pili kwenye karakana moja kusini mwa Ujerumani nilipewa kitabu cha sheria cha karne ya 16, mbao za mwaloni, ngozi nyeupe ya nguruwe iliyogongwa maua kwa chuma cha moto. Ndani ya jalada la mbele palikuwa na bandiko lenye safu mbili za mwandiko mzito na herufi moja kubwa ya buluu. Mkubwa wangu alitaka kusoma upande uliogandamizwa kwenye ubao. Akaniambia nibandue. Nilipaka uji wa selulosi, nikafunika, nikasubiri, nikajaribu kona kwa mfupa wa kukunjia. Ilikubali. Nikaendelea, sentimita kwa sentimita, mchana kutwa. Jioni ukurasa ulikuwa mkononi mwangu mzima, nami nilijiona fundi kweli.

Kisha nikaangalia ubao. Mistari 11 ya wino ilikuwa imebaki pale, imegeuka kinyumenyume, na kwenye ukurasa mahali pake palikuwa peupe. Nilitoa kioo kidogo kwenye mkoba nikakielekeza kwenye ubao, na maneno yakasomeka: kwenye kioo, si kwenye ngozi. Hiyo ilikuwa nusu ya hasara. Nusu ya pili niligundua usiku nikiwa kitandani. Bandiko lile lilikuwa na matundu manne ya funza wa vitabu. Je, matundu hayo yalikuwa yanaendelea kwenye ubao na kwenye kurasa za kwanza za kitabu? Kama yalilingana, ni ushahidi kwamba vitatu hivyo vilikaa pamoja muda mrefu. Kama hayakulingana, bandiko lilikuja na matundu yake kutoka kwenye kitabu chake cha kwanza. Sikuwa nimepiga picha. Sikuwa nimepima. Asubuhi ukurasa ulikuwa umejikunja na kusinyaa kwa unyevu, na matundu hayakuwa tena mahali pake. Swali hilo halitajibiwa na mtu yeyote, na ni mkono huu uliolifuta.

Kwa hiyo jibu langu ni: usibandue. Kipande kikiwa kwenye jalada kina anwani. Neil Ker, mtaalamu wa miswada wa Oxford, alitoa mwaka 1954 orodha kubwa ya mabandiko yaliyomo katika majalada ya Oxford ya kati ya takriban 1515 na 1620. Nguvu ya kazi yake ni kwamba alitazama maandishi na jalada kwa pamoja. Nakshi za chuma alizogonga mjalidi zinaweza kutuambia karakana na miaka. Miaka ikijulikana, tunajua ni lini vitabu vya aina fulani, sheria za Kanisa kwa mfano, au falsafa ya kufundishia, vilifikia kiwango cha kuuzwa kama ngozi chakavu. Kipande kilichobanduliwa na kuwekwa kwenye bahasha hakina la kusema juu ya hayo.

Na leo hatuna hata kisingizio. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa nundu za mwaloni (zile anazosababisha nyigu akitaga mayai kwenye tawi), chumvi ya chuma, na ulimbo wa mgunga. Una chuma ndani, basi. Katikati ya miaka ya 2010 Waholanzi Erik Kwakkel wa Leiden na Joris Dik wa Delft walipitisha mashine ya eksirei juu ya majalada, mashine inayotambua chuma na shaba zilipo nukta kwa nukta, na maandishi yaliyofichwa chini ya karatasi na ngozi yakatokea kwenye skrini, jalada halijaguswa. Ni kazi ya saa nyingi kwa kipande kidogo. Lakini hakuna anayepoteza mistari 11. Mwaka 2025 Cambridge walionyesha kurasa za hadithi za Mfalme Arthur, hizo ni za Kifaransa cha kale, zilizokuwa zimekunjwa na kushonwa kuwa jalada la rejista ya mashamba ya Suffolk. Walizikunjua kwenye kompyuta tu. Uzi wa mjalidi wa karne ya 16 bado upo mahali alipoupitisha.

Ikiwa kitabu chako kimoja mgongo umepasuka na unaona maandishi ndani, piga picha, pima, andika, kisha funga kwa namna ambayo ajaye ataweza kufungua tena.

*

*Je, kuna kitabu ambacho kingepotea kabisa kama si wajalidi? — Mwalimu wa sekondari, Kigoma*

Kipo, na kitakugusa kwa sababu ni kitabu cha shule. Aelius Donatus alifundisha sarufi Roma katika karne ya 4, akaandika kitabu kidogo cha maswali na majibu. Kinaanza kwa kuuliza sehemu za usemi ni ngapi, na mtoto anajibu: nane. Kwa miaka elfu moja na zaidi watoto wa Ulaya walijifunzia Kilatini hapo. Gutenberg alikichapa tena na tena, kwenye ngozi ili kistahimili mikono ya watoto. Hakuna nakala nzima hata moja iliyobaki ya matoleo yake hayo. Watoto walivimaliza, kama wanafunzi wako wanavyomaliza vitabu vyao. Tunavijua kwa vipande tu, ambavyo kwa sehemu kubwa vimetoka ndani ya majalada.

Kuna mfano mkongwe zaidi. Katika monasteri ya Mtakatifu Gallus, Uswisi, wamonaki wenyewe walitumia ngozi kuukuu kukarabatia vitabu vyao tangu Enzi za Kati. Ildefons von Arx, mtunza maktaba wa pale, alikusanya vipande hivyo vikatiwa katika majalada mapya mwaka 1822. Humo mna kurasa za Virgili, mshairi mkuu wa Warumi, zilizoandikwa kwa herufi kubwa bila nafasi kati ya neno na neno, na kurasa za Injili za Kilatini. Zote ni za karne ya 5 hivi. Von Arx alizing'oa, na mimi leo ningemsihi aandike kwanza kila kimoja kimetoka kitabu gani. Hata hivyo alizithamini wakati wengi waliona takataka tu.

*

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mseminari. Padre mlezi alituonyesha picha za kipande cha jalada kutoka maktaba ya Ulaya, akasema tutambue ni kitabu gani. Kilatini changu ni cha kuungaunga. Nianzie wapi? — Frateri, Ruvuma*

Milele amina, Frateri. Usianze kwa kusoma. Anza kwa kutazama kwa mbali, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo kabla hujaona sura.

Maandishi makubwa katikati na madogo yameyazunguka pande zote: kuna uwezekano mkubwa ni sheria, ama ya Kanisa ama ya Warumi, na yale madogo ni maelezo ya walimu. Kurasa za safu mbili zenye ufupisho mwingi na nambari za hoja: kitabu cha chuo, teolojia au falsafa. Mistari minne na nota za mraba: wimbo, na hapo wewe una faida kuliko wengi.

Ukifika kwenye maneno, kumbuka mwandishi alikuwa anabana ngozi. *Dns* yenye kistari juu ni *Dominus*. *Ihs* unayoiona kwenye tabernakulo na kwenye kasula ni Yesu, na *xps* ni Kristo. Zote mbili zimebakia na herufi za Kigiriki. R iliyokatwa mkia kwa wino mwekundu ni kiitikizano, V ni aya yake. Maandishi mekundu hayaimbwi wala hayasomwi kwa sauti, ni maelekezo, na mara nyingi yanataja sikukuu. Ukipata jina la mtakatifu humo umeshapata nusu ya jibu, hasa akiwa mtakatifu wa mahali padogo.

Kisha tafuta hili. Mwishoni mwa antifona (wimbo mfupi unaotangulia zaburi), chini ya nota chache, utakuta herufi sita: *e u o u a e*. Sisi Waswahili tumezoea irabu, lakini irabu sita mfululizo hata kwetu si neno. Sema polepole *seculorum amen*, kisha ondoa konsonanti zote. Umeona? Ni zile irabu za "milele na milele, amina" ya Atukuzwe Baba. Mwandishi hakuhitaji kuandika maneno ambayo kila mwimbaji aliyajua usingizini. Aliweka irabu tu ili kuonyesha zaburi inayofuata itamalizikia kwenye sauti gani. Niliwahi kukuta herufi hizo kwenye utepe wa mgongoni, na msharasi wa mjalidi ulikuwa umetoboa tundu katikati ya *o*. Nilisimama, nikaimba. Karakana nzima ilikuwa kimya. Sina njia ya kukueleza nilivyojisikia, ila kwamba sauti ile ilikuwa imefungiwa kwenye mgongo wa kitabu cha kanuni za uhasibu miaka zaidi ya 400.

Ukipata maneno manne au matano yanayofuatana bila shaka, yatafute kwenye Biblia ya Kilatini iliyoko mtandaoni. Pia kuna Fragmentarium, maabara ya kidijitali iliyozinduliwa mwaka 2017 na Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, ambako maktaba nyingi zimeweka picha za vipande vyao bure. Linganisha mwandiko. Usikate tamaa ukishindwa kwa kipande cha upana wa kidole. Hata wenye nywele nyeupe tunashindwa.

*

*Dada, salamu kutoka Columbus, Ohio. Kuna duka linauza ukurasa mmoja wa kitabu cha misa cha Enzi za Kati, mzuri ajabu, umewekwa kwenye fremu. Ninataka kumnunulia mke wangu kwa miaka 20 ya ndoa. Wanasema umetoka kwenye jalada la zamani. Unaonaje?*

Hongereni kwa miaka 20, kaka. Kabla hujatoa pesa, nikuambie kisa cha jimbo lako mwenyewe. Otto Ege alikuwa mwalimu wa sanaa Cleveland, akafariki mwaka 1951. Alinunua miswada mizima, akaitenganisha, akauza ukurasa mmoja mmoja, akiamini kwamba hivyo watu wa kawaida wangepata kumiliki uzuri. Nia sitaihukumu. Lakini kitabu cha misa cha Beauvais, Ufaransa, kilichokuwa na kurasa 309, yeye na mwenzake wa New York walikivunja mwaka 1942, na mpaka leo watafiti wanakusanya picha za kurasa zake kutoka majumbani na makumbusho. Wamepata zaidi ya 100.

Ukurasa uliotoka kweli kwenye jalada hauwi mzuri ajabu. Unakuwa na alama ya mkunjo palipokuwa mgongo, madoa ya gundi upande mmoja, matundu ya uzi, kingo zilizopunguzwa kwa kisu mpaka zimekata maneno, labda kichwa cha kitabu kingine kimeandikwa juu yake. Upande mmoja umechakaa kuliko wa pili. Ukurasa msafi, wenye pambizo pana pande zote na ukingo wa ndani ulionyooka kama umekatwa jana, ndio wa kuogopa. Huo kuna uwezekano umetolewa kwenye kitabu kilichokuwa kizima, na kila anayenunua anampa mkataji sababu ya kukata kingine.

Omba wautoe kwenye fremu. Nitumie picha za pande zote mbili, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, na uweke rula pembeni. Waulize pia kwa maandishi umetoka kwenye jalada la kitabu gani na kitabu hicho kiko wapi sasa. Wakishindwa kujibu hilo la mwisho, mnunulie shemeji kitu kingine.